Msimsingizie Mnana

Nimechoka kusikia kwamba ndege wa porini ndio wanaotuulia kuku. Maneno hayo nimeyasikia kwa mama mboga wa Malaba, kwa mwendesha boda wa Busia, kwa kijana mwenye diploma ya kilimo, hata kwa muuza dawa za mifugo ambaye angepaswa kujua zaidi. Kifaranga anaanza kujikunyata, mabawa yameshuka, kinyesi kimegeuka damu, na hapo hapo macho ya watu yanapanda mtini. Pale juu yuko mnana, yule ndege wa manjano anayesuka viota vya kuning'inia, na kelele zake za kutwa nzima. Kesi imeisha. Panga linatafutwa.

Mtaa mmoja tu wa Malaba ninaoujua vizuri umepoteza miti mitatu kwa hoja hiyo. Mmoja ulikuwa wa mzee ambaye aliupanda mwenyewe watoto wake wakiwa wadogo. Nilimuuliza, "Sasa mzee, kuku wamepona?" Akanijibu, "Bado, kijana wangu. Nadhani wale ndege wamehamia tu kwa jirani."

Niseme msimamo wangu mapema ili usiutafute. Ugonjwa wa kuhara damu wa kuku unatengenezwa ndani ya banda, unasambazwa na viatu na matenga yetu, na unafugwa na biashara ya dawa isiyo na daktari. Mnana hahusiki. Hondohondo wa msitu wa Kakamega hahusiki. Kila mti tunaoukata kwa sababu hiyo unatuachia kuku wale wale wagonjwa, na kivuli hatuna.

Tuanze na mdudu mwenyewe. Jina lake ni koksidia, na ugonjwa wake wafugaji wanauita koksidiosisi. Ni kimelea cha seli moja, ndugu wa mbali wa kile cha malaria, ila hiki hakihitaji mbu. Safari yake ni fupi na ya aibu: kinyesi, mdomo, utumbo, kinyesi tena. Kuku aliyeambukizwa anaangusha vifuko vidogo vyenye ganda gumu, vinavyoitwa oosisti, visivyoonekana kwa macho. Ikitoka tu, oosisti haiwezi kumdhuru yeyote. Inahitaji hewa, joto na unyevu kwa muda wa siku moja au mbili ndipo iive. Ikishaiva, kuku akaidonoa pamoja na chakula, inapasuka tumboni, vimelea vinaingia ndani ya seli za utumbo, vinazaana, vinazipasua seli, vinaingia nyingine. Baada ya wiki moja hivi oosisti mpya zinatoka. Ile aina inayoitwa Eimeria tenella, ambayo hushambulia mifuko miwili iliyo karibu na mwisho wa utumbo wa kuku na kuleta damu, kwa hesabu za wataalamu inaweza kutoka oosisti moja hadi mamia ya maelfu kwa mzunguko mmoja tu.

Sasa sikiliza jambo ambalo laiti lingebandikwa kwenye mlango wa kila duka la dawa za mifugo. Eimeria za kuku ni za kuku. Aina saba zimejulikana kwa miaka mingi, na mwaka 2021 wanasayansi walitoa majina kwa aina tatu zaidi, moja ikaitwa Eimeria zaria kwa jina la mji wa Zaria kule Nigeria. Zote zimetambuliwa kwa kuku. Bata mzinga ana za kwake. Kanga ana za kwake. Kware ana za kwake. Kwa ndege wadogo wa mitini, akina mnana, shomoro na chiriku, koksidia inayopatikana zaidi ni ya kundi jingine kabisa, Isospora. Tofauti yake inaonekana hata kwa hadubini nzuri ya shule ya sekondari: oosisti ya Eimeria ikiiva ina vifuko vinne vya ndani, kila kimoja kina vimelea viwili, ya Isospora ina vifuko viwili, kila kimoja kina vimelea vinne. Hesabu ni nane kwa zote mbili, lakini hawa ni watu wa koo tofauti.

Sisi wa mpakani tunaelewa mambo ya karatasi. Tumeona lori likilala Malaba kwa sababu ya muhuri mmoja uliokosekana. Tumeona mama akirudishwa Busia na mzigo wake kichwani. Basi jua kwamba Eimeria tenella ina masharti makali kuliko afisa yeyote wa uhamiaji. Kibali chake kinaandikwa kuku, na pale inapofika kwenye utumbo wa mnana inapita tu na kutoka, haizaani. Na Isospora ya mnana nayo haina kazi kwenye utumbo wa kuku wako.

Najua mtu ataniambia, "Lakini si shomoro anaingia bandani, anakanyaga kinyesi, anaruka kwenda banda la pili?" Ndiyo, inawezekana. Ndege anaweza kubeba oosisti kwa miguu yake. Hata nzi anaweza. Lakini tuambiane ukweli: mguu wa shomoro unabeba tope kiasi gani ukilinganisha na gambuti yako? Wewe umetoka sokoni, umepita kwa rafiki yako kuangalia broila zake, umeingia kwako na viatu vile vile, umekanyaga hadi kwenye chombo cha chakula. Halafu unamwangalia mnana kwa jicho baya. Na kumbuka kwamba huyo shomoro, kama kweli amebeba kitu cha kuwadhuru kuku wako, amekitoa kwenye banda la kuku mwingine. Chanzo bado ni banda.

Mwingine ataniletea hoja nzito zaidi, nayo naiheshimu. Atanikumbusha Januari 2017. Uganda ilithibitisha mafua ya ndege. Ndege wa porini walikuwa wamekufa Lutembe, karibu na Entebbe, na kuku na bata wakapatikana na virusi kule Masaka. Kenya ikapiga marufuku kuku na mayai kutoka Uganda. Hapa mpakani marufuku hiyo haikuwa habari ya redioni, ilikuwa ni riziki ya watu. Na katika suala hilo ndege wa porini kweli walihusika; virusi vya mafua ya ndege vinaruka kutoka aina moja ya ndege kwenda nyingine, na ndege wa majini wanasafiri navyo mbali. Sikatai. Yeyote anayekataa anacheza na maisha ya watu.

Lakini hapo ndipo kosa letu lilipozaliwa. Tulichukua somo la kirusi kimoja tukalivisha kila ugonjwa wa kuku. Mafua ya ndege, kideri, kuhara damu, vyote vikawa kitu kimoja kinachoitwa "ndege wanaleta magonjwa". Ni kama kusema kwa sababu malaria inaletwa na mbu, basi kipindupindu nacho kinaletwa na mbu, kwa hiyo tununue neti na tuendelee kunywa maji ya mtaro. Kuku anayekufa kwa kuhara damu hatasaidiwa na mti kukatwa, kama vile mgonjwa wa kipindupindu hatasaidiwa na neti.

Na kama bado huamini, angalia nchi ambazo kuku wanafugwa ndani ya majumba yaliyofungwa, ambako shomoro hapati hata tundu la kuchungulia. Je, hawana koksidia? Wanayo tele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba koksidia iligharimu ufugaji wa kuku duniani pauni bilioni 10.4 za Uingereza kwa bei za mwaka 2016. Hakuna mnana aliyeingia katika majumba hayo. Kilichopo ni maelfu ya kuku juu ya sakafu moja, wakila pale wanapokunya. Tangu mwaka 1948, dawa ya salfa ilipoanza kuchanganywa kwenye chakula cha kuku kule Marekani, ufugaji wa aina hiyo umesimama juu ya dawa. Ukiiondoa, unaporomoka.

Sasa turudi kwetu tuone kuku wanavyosafiri. Neno boda boda lilizaliwa hapa mpakani, kwa baiskeli zilizovusha watu na mizigo kutoka boda hadi boda. Hadi leo kuku ni sehemu ya mzigo huo. Wanafungwa miguu, wananing'inizwa kwenye usukani vichwa chini, au wanashindiliwa kwenye tenga. Tenga hilo lilibeba kuku wengine jana, na juzi, na kinyesi chao kimekauka kwenye fito. Kuku wa Tororo wanachanganywa na wa Bumala, wanashushwa sokoni, wasionunuliwa wanarudi nyumbani jioni kukaa na wenzao. Hilo tenga limepeleka koksidia mbali kuliko mbawa zozote. Lakini sijawahi kusikia mtu akisema twende tukachome matenga.

Kuna asubuhi moja nilikaa nje ya agroveti mjini Busia, duka ambalo jina lake halina maana hapa kwa sababu lingeweza kuwa lolote. Mama mmoja alikuja.

"Mwanangu, kuku wangu wanaharisha damu."

"Wako wangapi, mama?"

"Walikuwa hamsini. Sasa ni thelathini na kitu."

"Chukua hii. Kijiko kimoja kwa maji ya kunywa, siku tano."

"Hiyo nilichukua mwezi jana."

"Basi chukua hii nyingine, ina nguvu zaidi."

"Na wale wakubwa wanaotaga? Mayai nifanyeje?"

"Uza tu, mama. Haina shida."

Mazungumzo yote hayakufika dakika mbili. Hakuna aliyemuuliza kama maranda yamelowa. Hakuna aliyemuuliza vifaranga wana umri gani, wanalala na kuku wakubwa au peke yao, chombo cha maji kinamwagika au la. Hakuna aliyemwambia alete kuku mmoja aliyekufa apasuliwe, maana damu kwenye kinyesi haina maana moja tu. Na lile jibu la mayai ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu dawa nyingi za salfa zinabaki ndani ya yai na nyama kwa muda, na kila dawa ina siku zake za kusubiri. Mayai hayo ndiyo yaliyo kwenye smokie pasua na chapati mayai tunazokula stendi. Tumeogopa kinyesi cha mnana kinachoanguka juu ya bati, tukameza salfa kwa chumvi na kachumbari.

Simlaumu yule kijana wa kaunta pekee. Yeye amewekwa pale kuuza. Kenya ina sheria ya mwaka 2011 inayosema nani anaruhusiwa kutibu mifugo, na tangu mwaka 2015 kuna kanuni za dawa za mifugo. Lakini sheria haiwezi kuingia bandani ikiwa hakuna mtu wa kuibeba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali iliacha kuajiri moja kwa moja kila daktari wa mifugo aliyehitimu, na kazi ikasukumwa kwa soko huria. Soko huria likafanya linalojua kufanya: likafungua duka. Ilipofika mwaka 2013 huduma za mifugo zikashuka kwa kaunti, na vijana tukaambiwa sasa mambo yatakuwa karibu. Kilichokuja karibu ni vifaranga. Wanasiasa wa kila rangi ya chama wamegundua kwamba kifaranga anapigwa picha vizuri. Kikundi cha vijana kinapewa vifaranga, tisheti na hotuba. Wiki ya tatu vifaranga wanaanza kuharisha damu, na mtoa hotuba hapatikani kwa simu. Ndipo kikundi kinapoketi kutafuta mchawi, na mchawi wa bei rahisi yuko juu ya mti.

Ukitaka kuona koksidia inavyoishi pale ambapo haijavurugwa, panda matatu uende Kakamega kupitia Mumias. Ule msitu ndio kipande kilichobaki nchini Kenya cha msitu mkubwa wa mvua uliowahi kuungana na ule wa Kongo. Una aina zaidi ya 300 za ndege. Kuna turako mkubwa wa buluu, kuna hondohondo weupe kwa weusi, na zamani kasuku wa kijivu walikuwa wengi kabla ya watu kuwaiba wauzwe. Kimelea cha koksidia ni sehemu ya maisha ya ndege wa misitu ya namna hiyo kote duniani. Kule Brazil, katika hifadhi ya Itatiaia, watafiti wamekuwa wakieleza aina moja baada ya nyingine ya Isospora kutoka kwa ndege wazima wanaokula, wanaoimba na wanaolea watoto.

Kwa nini hawafi kama broila wako? Kwa sababu ndege wa msituni hakai juu ya kinyesi chake. Anakula hapa, anakunya pale, analala mti mwingine. Anakutana na oosisti chache chache, na mwili wake unajifunza kupambana nazo. Hata kuku wako anaweza kujifunza hivyo hivyo. Kuku aliyekutana na dozi ndogo anajenga kinga dhidi ya aina ile. Balaa linakuja dozi inapokuwa kubwa kwa ghafla, na dozi kubwa inatengenezwa na msongamano na unyevu.

Kimelea chenyewe kimelazimika kuwa na adabu huko porini. Imeonekana katika ndege wengi wadogo kwamba oosisti za Isospora hutoka kwa wingi alasiri, jua likianza kulegea. Maelezo yanayokubalika ni kwamba jua kali na ukavu vinaziua, kwa hiyo zinazotoka jioni zinapata usiku wa kuivia. Hebu tafakari hilo. Kimelea kinaogopa jua la saa sita kiasi cha kupanga saa ya kutoka, na sisi tunajenga mabanda ya giza yasiyoingia jua, tunamwaga maji chini, halafu tunashangaa.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisimchukie hata kimelea. Mwaka 2000 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba chiriku dume wa manjano walioambukizwa Isospora wakiwa wanabadilisha manyoya, waliota manyoya yenye manjano hafifu na midomo iliyofifia kuliko wenzao. Rangi ile, ambayo jike huitazama akichagua mume, inaonyesha hali ya afya kama cheti. Ukiuona urembo wa ndege porini, ndani yake kuna vita vya muda mrefu na vimelea kama hivi. Tukisema tunahifadhi msitu, hilo nalo limo.

Mwingize ndege huyo kwenye kizimba uone. Kule Indonesia kuna ndege mweupe wa kisiwa cha Bali, jamii ya kwezi, aliyekaribia kutoweka porini. Walipomlea vizimbani ili kumwokoa, moja ya magonjwa yaliyowaua makinda wake ni Isospora. Kuzimba kwa wingi, hofu na uchafu wa pamoja vinamgeuza mpangaji mtulivu kuwa muuaji. Sisi tulipata somo letu wenyewe mwaka 2013 na 2014, wakati wa ule wazimu wa kware. Nani amesahau? Mayai ya kware yalisemwa yanaponya kila kitu, watu wakauza ng'ombe wakanunua kware, KWS ikataka kila mfugaji awe na leseni. Huku magharibi tulikuwa tukimjua ndege huyo vizazi na vizazi. Waluhya tunamwita isindu, Wajaluo aluru. Wazee walimtega kwa vikapu vilivyotundikwa juu ya mlingoti mrefu shambani, dume wa ndani akiimba kuwaita wenzake. Alikuwa ndege wa msimu na wa shamba la wazi. Kwenye ule wazimu tukamleta ndugu yake wa Kijapani, tukampanga kwenye vizimba kama soda kwenye kreti. Soko likaanguka, vizimba vikabaki. Hatukujiuliza ndege wanahitaji nafasi gani.

Chuki hii ya ndege ina bei, na bei hiyo imeshalipwa katika kaunti yetu. Nenda Bunyala, kwenye mashamba ya mpunga. Kuanzia mwaka 2009 mtafiti wa ndege Martin Odino alirekodi namna ndege walivyokuwa wakiuawa pale kwa sumu ya Furadan, dawa ya kuua wadudu wa mimea. Konokono walitiwa sumu ili korongo wawale. Mchele ulitiwa sumu kwa ajili ya bata na njiwa wa porini. Ndege waliokufa wakakusanywa, wakauzwa, wakaliwa. Na watu. Mwaka ule ule kampuni ya FMC ya Marekani, iliyokuwa ikiitengeneza, ilitangaza kuiondoa kwenye maduka ya Kenya baada ya habari za simba waliouawa kwa sumu hiyo kufika kwenye televisheni ya Marekani. Simba walipata kamera. Korongo wa Bunyala, na aliyemla, hawakupata.

Nikilinganisha mambo haya mawili nashindwa kuelewa hofu yetu inavyochagua. Ndege mzima juu ya mti, mwenye kimelea kisichoweza kukudhuru wewe wala kuku wako, tunamwogopa. Ndege aliyekufa kwa sumu ya kuua wadudu tunamchemsha.

Kwa hiyo tufanye nini? Hakuna siri hapa, na mengi hayahitaji pesa. Maranda yawe makavu. Ukiyafinya mkononi yakashikana kama ugali, yatoe. Pumba za mpunga zipo Bunyala na zinafaa. Chombo cha maji kiinuliwe hadi usawa wa mgongo wa kuku, kisimwagike. Kila kuku mkubwa apate angalau futi mbili za mraba. Kama banda lako ni dogo, fuga wachache. Vifaranga wasikae na kuku wakubwa, kwa sababu mkubwa mwenye kinga anaweza kuwa anaangusha oosisti bila kuonyesha dalili yoyote. Weka viatu vya banda mlangoni na visitoke pale. Matenga yasuguliwe, yaanikwe juani siku nzima.

Na usidanganyike na Jik. Oosisti ina ganda ambalo Jik haiwezi. Kwenye maabara, wataalamu hutumia dawa za jamii hiyo kuzisafisha oosisti uchafu mwingine, nazo zinabaki hai. Kinachoziua ni joto na ukavu, na jua la Busia halina bili.

Kisha tudai. Vijana wa mpakani tumezoea kudai barabara na taa, na kazi pale kwenye kituo cha mpaka. Tudai pia daktari wa mifugo katika kila wadi, mwenye pikipiki na mafuta. Mwanasiasa akija na vifaranga, muulize kwanza nani atakuja wiki ya tatu. Na msiniambie hatuna wataalamu karibu. Chuo Kikuu cha Alupe kiko hapa hapa Busia. ILRI imekuwa na maabara Busia kwa tafiti za magonjwa yanayopita kati ya mifugo na watu. KALRO wako Kakamega. Mwanafunzi mmoja mwenye hadubini, chupa chache na subira anaweza kuchukua kinyesi cha alasiri chini ya mti wa mnana, na kinyesi cha kuku kutoka mabanda kumi ya jirani, akaziacha oosisti ziive, kisha akawaonyesha wazee wa mtaa kwa macho yao: hizi zina vifuko vinne, hizi viwili. Baraza moja la namna hiyo lingeokoa miti mingi kuliko siku kumi za kupanda miche mbele ya kamera.

Kama unahitaji kuni, kata mti wako, ni wako. Kama kelele zinakunyima usingizi, sema hivyo, nitakuelewa. Lakini ukisimama na panga ukasema unawaokoa kuku, nitakuomba kwanza unifungulie banda, tuiname wote wawili, tushike yale maranda.